Somo la 8: Mzigo wa Mtu Mmoja

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 18:1–27; Kum. 1:9–18, Hes. 11:24–30, Hes. 27:12–23; 2 Fal. 4:25–37, 2 Fal. 5:20–27, Mk 9:14–29, 2 Sam. 17:1–23, 2 Tim. 2:2.

Fungu la Kukariri: 2 Timotheo 2:2. Lisome katika Biblia yako, ulikariri, kisha uhesabu ni vizazi vingapi vya walimu vimetajwa ndani ya fungu hilo moja.

Chukua mfano huu. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kinamwita mshauri wa mambo ya hesabu. Vitabu vya chama vimevurugika, malipo ya wanachama yanachelewa, na wazazi wanashindwa kulipa ada za watoto. Mshauri huyo ni hodari, mwaminifu, na anamcha Mungu. Anafanya kazi usiku na mchana, na baada ya miezi michache vitabu vinakaa sawa. Viongozi wanafurahi. Tangu hapo kila jambo gumu linapelekwa kwake, na hakuna malipo yanayotoka kabla yeye hajayaona. Karani kijana wa chama anambebea mafaili na kumletea chai, lakini hakuna hata siku moja aliyoketishwa na kuonyeshwa jinsi hesabu za msimu zinavyofungwa.

Kisha mshauri anaugua majuma sita, na msimu wa malipo unafika. Wakulima wanasimama nje ya ofisi tangu asubuhi hadi jioni, na ndani hakuna anayejua la kufanya.

Je, mtu huyu alifanya kazi njema? Ndiyo. Je, aliimaliza? Hilo ndilo swali la juma hili. Biblia inasimulia habari za watu walioitwa kutoa ushauri, kufundisha warithi, na kuwakabidhi wengine kazi. Baadhi yao waliacha kazi iliyoendelea baada yao. Wengine waliondoka na kazi ikaondoka nao. Daktari bingwa, mhandisi mshauri, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria, mzee wa kanisa na kiongozi wa idara, wote wana jambo la kujifunza hapa.

Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Soma Kut. 18:1–18. Yethro alifanya mambo gani kabla ya kutoa ushauri wake?

Mithali ya Kiswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi mgeni huona kile ambacho mwenyeji amekizoea hata hakioni tena. Yethro, kuhani wa Midiani na mkwewe Musa, alikuwa mgeni wa namna hiyo. Lakini angalia mpangilio wa matendo yake. Alipofika, waliamkiana na kuulizana hali (fungu la 7). Akasikiliza habari yote ya jinsi Bwana alivyowaokoa Israeli (fungu la 8). Akafurahi pamoja nao, akamhimidi Mungu, akatoa dhabihu, akala chakula pamoja na wazee (mafungu ya 9–12). Siku ya kwanza ikapita bila neno la ushauri.

Siku ya pili alitazama. Aliona Musa ameketi kuamua mashauri ya watu, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Hata baada ya kuona, hakuanza kwa kutoa hukumu. Aliuliza: ni jambo gani hili unalowafanyia watu, na kwa nini unaketi peke yako? Akangoja jibu. Ni baada ya Musa kujieleza ndipo Yethro aliposema kwamba jambo hilo si jema.

Mshauri wa kazi hukutana na jaribu la kufika akiwa na jibu tayari katika mkoba. Amefanya kazi kama hiyo kwingine, naye huamini kwamba amekwisha kuiona shida hata kabla ya kuvua viatu. Yethro alikuwa mzee na kuhani, na alikuwa na haki ya heshima ya mkwe. Hata hivyo alisikiliza kwanza, akatazama, akauliza, ndipo akasema.

Angalia pia jibu la Musa. Hakuwa na kosa la uvivu wala la kupenda makuu. Watu walimjia ili wamwulize Mungu, naye hakutaka kuwafukuza. Alikuwa amelelewa katika hekima yote ya Wamisri (Mdo 7:22), na alikuwa na umri wa miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kut. 7:7). Hakukuwa na mwingine katika kambi mwenye ujuzi kama wake. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu hodari huchoka kwa sababu ya wema wake na ujuzi wake. Kila anapofanya vizuri, watu zaidi humjia. Na kadiri wanavyozidi kumjia, ndivyo anavyokosa nafasi ya kumfundisha mwingine.

Yethro alitaja hasara mbili katika fungu la 18. Musa atadhoofika, na watu walio pamoja naye watadhoofika vilevile. Hasara ya kwanza huonekana upesi, kwa kuwa kiongozi aliyechoka husifiwa kwa kujitoa kwake. Hasara ya pili husahaulika. Mjane aliyesimama juani tangu asubuhi akingoja shauri lake lisikilizwe alilipa gharama ya kazi iliyoshikwa na mtu mmoja.

Ni nani wanaosimama "tangu asubuhi hata jioni" kwa sababu kuna kazi ambayo wewe peke yako ndiye unayeijua?

JUMATATU

Kazi Pamoja na Mamlaka

Soma Kut. 18:19–26 na Kum. 1:9–18. Musa alibaki na kazi gani, na aliwapa wengine kazi gani? Waliopewa walipaswa kuwa watu wa namna gani?

Yethro hakumwambia Musa aache kazi. Kuwakabidhi wengine si kuwatupia mzigo na kwenda kulala. Musa alibaki na mambo mawili: kuwaombea watu mbele za Mungu, na kuwafundisha sheria na njia iwapasayo kuiendea (mafungu ya 19, 20). Mafundisho yanatajwa kabla ya uchaguzi wa wakuu. Mtu hawezi kuamua mashauri kwa sheria asizofundishwa. Wengi hugeuza mpangilio huu: humpa kijana kazi leo, humlaumu kesho kwa kukosea, na humfundisha kesho kutwa, kama wakikumbuka.

Kisha zikaja sifa. Fungu la 21 linataja nne: uwezo, kumcha Mungu, ukweli, na kuchukia mapato ya udhalimu. Uwezo umetajwa kwanza, kwa hiyo uchaji hautoi udhuru wa kutojua kazi. Lakini sifa tatu zinazofuata ni za tabia. Na Kumbukumbu la Torati inaongeza jambo ambalo Kutoka haikulisema: watu wenyewe waliambiwa walete watu wenye hekima waliojulikana katika kabila zao (Kum. 1:13). Waliokabidhiwa walijulikana kwanza na wale watakaowahudumia.

Jambo la tatu ni mpaka ulio wazi. Mashauri madogo yaliishia kwa wakuu, na makubwa yaliletwa kwa Musa. Maana yake ni kwamba mkuu wa kumi alipoamua shauri dogo, lilikuwa limeamuliwa. Hakulazimika kukimbia kwa Musa kupata kibali. Ikiwa tutachukua hesabu ya wanaume 600,000 wanaotajwa katika Kut. 12:37, wakuu wa kumi peke yao wangefika 60,000. Musa asingeweza kuwakagua wote kila siku. Ilimpasa ama kuwaamini au kurudi kuketi peke yake.

Jambo la nne ni maagizo. Musa hakuwapa vyeo tu. Aliwaagiza wasikilize ndugu na mgeni kwa haki, mdogo sawasawa na mkubwa, wasiogope uso wa mtu, na lile lililo gumu walilete kwake (Kum. 1:16, 17). Agizo hilo la mwisho lilikuwa rehema. Mkuu mpya alijua kwamba kusema "hili limenishinda" si aibu. Ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Katika ofisi nyingi kazi hukabidhiwa kwa mdomo tu. Kijana huambiwa aandae taarifa, lakini haruhusiwi kuzungumza na mteja. Hupewa wajibu bila sahihi. Huachiwa lawama mambo yakiharibika, na sifa humwendea mkubwa mambo yakifaulu. Mitume hawakufanya hivyo. Malalamiko yalipotokea kuhusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku, watu saba walichaguliwa na kanisa, wakasimamishwa mbele ya mitume, wakaombewa na kuwekewa mikono (Mdo 6:1–6). Kila mtu aliona kwamba kazi ile sasa ni yao.

Kwa mshauri wa kitaalamu, hatua hii ianze siku ya mapatano. Katika hadidu za rejea, pamoja na kazi itakayofanywa na malipo yatakayotolewa, liandikwe jina la mtu atakayeishika kazi hiyo baadaye, na siku atakazofundishwa.

Fikiri juu ya kazi uliyompa mtu mwingine mwaka huu. Ulimpa pia mamlaka ya kuimaliza? Kama hapana, ni nini kilikuzuia?

JUMANNE

Shule ya Yoshua

Soma Kut. 17:8–14, Kut. 24:13, Kut. 33:11, Hes. 11:24–30, Hes. 27:12–23. Yoshua alijifunza nini katika kila hatua?

Yoshua anatokea kwa mara ya kwanza katika Biblia akipewa kazi. Amaleki wamekuja kupigana na Israeli huko Refidimu, na Musa anamwambia achague watu, atoke, apigane. Musa hakukaa hemani. Alipanda kilimani mahali pa kuonekana, akainua mikono, na Haruni na Huri wakaishikilia alipochoka. Kijana alikuwa bondeni na upanga, mzee kilimani na maombi. Ushindi ulipopatikana, Mungu alimwagiza Musa aandike habari hiyo na kuihubiri masikioni mwa Yoshua (Kut. 17:14). Kazi ilifuatiwa na mafundisho juu ya kazi.

Baadaye Yoshua anaonekana akipanda mlimani pamoja na Musa kama mtumishi wake, na akikaa katika hema ya kukutania hata Musa anaporudi kambini. Huko alijifunza mambo yasiyoandikwa katika mwongozo wowote. Aliona jinsi mtu anavyosema na Mungu na jinsi anavyosikiliza. Aliona pia jinsi anavyorudi kwa watu walewale wagumu asubuhi inayofuata. Mafunzo ya namna hii hayapatikani katika semina ya siku mbili. Hupatikana kwa kutembea pamoja.

Alikosea pia. Eldadi na Medadi walipotabiri kambini, Yoshua alimtaka Musa awakataze. Aliona wivu kwa ajili ya heshima ya bwana wake. Musa angeweza kufurahia uaminifu huo. Badala yake alimwuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Somo hilo lilikuwa la thamani kuliko vita vya Refidimu. Mwanafunzi mara nyingi huilinda heshima ya mwalimu kuliko mwalimu mwenyewe. Mwalimu akiikubali kinga hiyo, atalea mlinzi wa lango, wala hatalea mrithi.

Ndipo ikaja siku ya Hes. 27. Musa aliambiwa kwamba hataingia katika nchi. Ombi lake la kwanza baada ya habari hiyo halikuwa juu yake mwenyewe. Alimwomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji (mafungu ya 15–17). Mungu akamwagiza amsimamishe Yoshua mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya mkutano wote, amwekee mkono, na amtie sehemu ya heshima yake, ili mkutano upate kutii. Zingatia kwamba Musa alikuwa hai bado. Watu walipata muda wa kumzoea kiongozi mpya yule wa zamani akiwa angali karibu kumsaidia. Tangu Refidimu hadi hapo palikuwa na karibu miaka 40.

Lakini habari ina upande wa pili. Soma Amu. 2:7–10. Yoshua, aliyefundishwa vizuri hivyo, alikufa, na Biblia haitaji mtu yeyote ambaye yeye alimwekea mikono. Wazee waliomwona walipokwisha, kikainuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo yake. Mtu anaweza kupokea malezi bora na bado mnyororo ukakatika baada yake. Kufundishwa hakutoshi. Aliyefundishwa naye anadaiwa.

Taja mtu mmoja aliyekufundisha kazi unayoifanya leo. Kisha taja mtu mmoja anayejifunza kutoka kwako. Lipi kati ya majina hayo lilikuja upesi zaidi?

JUMATANO

Fimbo Mkononi mwa Gehazi

Soma 2 Fal. 4:25–37 na Mk 9:14–29. Aliyetumwa anaposhindwa, aliyemtuma afanye nini?

Sababu moja inayowafanya wataalamu washike kazi yote wenyewe ni kwamba waliwahi kumkabidhi mtu, naye akashindwa. Biblia haifichi jambo hilo. Mtoto wa mwanamke Mshunami alipokufa, Elisha alimtuma Gehazi atangulie na fimbo yake, aiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi alifanya kama alivyoagizwa. Hapakuwa na sauti wala mwenye kusikia. Akarudi kumlaki Elisha, akamwambia kwamba mtoto hakuamka.

Biblia haielezi kwa nini fimbo haikufaa kitu, wala si vema kubuni sababu. Inaeleza kilichofuata. Gehazi alisema ukweli bila kuchelewa. Elisha hakumkemea. Aliingia chumbani mwenyewe, akafunga mlango, akamwomba Bwana, akajinyosha juu ya mtoto mara ya kwanza na ya pili, hata mtoto akafumbua macho. Na mtoto alipofufuka, Elisha alimwita Gehazi na kumtuma amwite yule mama (fungu la 36). Gehazi alishindwa, lakini hakufukuzwa katika nyumba ile. Alirudishwa kazini saa ileile.

Katika Marko 9 Yesu alikabili jambo kama hilo. Wanafunzi walikuwa wamepewa amri juu ya pepo wachafu (Mk 6:7) na walikuwa wamekwisha kufaulu (Mk 6:13). Sasa wameshindwa mbele ya umati, na waandishi wanajadiliana nao. Yesu alisikitikia kutoamini kulikokuwako. Kisha akamshughulikia mgonjwa kwanza. Alizungumza na baba, akamsikiliza, akamponya mwana. Maelezo kuhusu kushindwa kwao aliyatoa baadaye, ndani ya nyumba, wakiwa peke yao, walipomwuliza (mafungu ya 28, 29).

Utaratibu huo unafaa katika wodi, ofisini na kwenye eneo la ujenzi. Kwanza aokolewe mwenye shida, maana mgonjwa au mteja hapaswi kulipia mafunzo ya kijana. Kisha yafuate mafundisho, faraghani, kwa maneno ya wazi. Kumwaibisha mwanafunzi mbele ya mteja humfundisha jambo moja tu: kuficha kosa linalofuata. Na mtaalamu anayesaidiwa na watu wanaoficha makosa yuko hatarini kuliko yule asiye na msaidizi kabisa.

Lakini si kila kushindwa ni kwa aina moja. Soma 2 Fal. 5:20–27. Naamani alipotakaswa ukoma, Elisha alikataa zawadi. Gehazi alimfuata kwa siri, akatumia jina la bwana wake kuomba talanta moja na mavazi, akapewa talanta mbili, kisha akasema uongo. Safari hii Elisha hakumrudisha kazini. Habari ya fimbo ilikuwa kushindwa kwa uwezo. Habari ya fedha ilikuwa kushindwa kwa ukweli, katika jambo lilelile ambalo Yethro alilitaja kama sifa ya nne: kuchukia mapato ya udhalimu. Kosa la uwezo linahitaji uvumilivu na mafunzo. Kutumia jina la mwingine kujipatia mali ni jambo jingine, na upendo haudai kwamba mtu huyo aachiwe ufunguo wa sanduku.

Mtu uliyemkabidhi kazi aliposhindwa mara ya mwisho, ulitofautisha kati ya asiyejua na asiye mwaminifu? Ulisema naye wapi, na mbele ya nani?

ALHAMISI

Washauri Wawili Waliorudi Nyumbani

Soma Kut. 18:23–27 na 2 Sam. 17:1–23. Yethro na Ahithofeli walifanana katika nini? Walitofautiana wapi?

Ahithofeli alikuwa mshauri mkuu wa zama zake. Shauri lake lilihesabiwa kama neno lililoulizwa kwa Mungu (2 Sam. 16:23). Alipomwacha Daudi na kujiunga na Absalomu, alitoa shauri la vita ambalo Biblia yenyewe inaliita jema (2 Sam. 17:14), yaani lililofaa kwa kusudi la Absalomu. Lakini Absalomu alisikiliza shauri la Hushai. Ahithofeli alipoona shauri lake halikufuatwa, alitandika punda wake, akaenda mjini kwake, akatengeneza mambo ya nyumba yake, akajinyonga.

Biblia haifunui yote yaliyokuwa moyoni mwake. Huenda alikwisha kuona kwamba Daudi atashinda. Lakini inaonyesha mtu ambaye maisha yake yalishikamana na shauri lake hata lilipoanguka, naye akaanguka. Mtu aliyefika mahali pa giza kama hilo, awe mtaalamu mashuhuri au nani, anahitaji ndugu wa kukaa karibu naye na msaada wa wenye ujuzi, wala hahitaji kuhukumiwa.

Yethro naye alirudi nyumbani. Musa alimruhusu, akaenda zake mpaka nchi yake. Angalia alivyotoa ushauri wake katika fungu la 23: Musa akifanya hivyo, na Mungu akimwagiza hivyo, ndipo ataweza kusimama. Aliliweka shauri lake chini ya neno la Mungu. Hakudai cheo katika mpango alioubuni. Hakubaki kambini kuhakikisha kila mkuu wa kumi anakumbuka wazo lilitoka kwa nani. Aliondoka, na mpango ukaendelea, kwa sababu uliachwa mikononi mwa watu ambao wangeishi nao.

Wako wataalamu wanaoogopa jambo hili kuliko wanavyokiri. Karani akijua kufunga hesabu, mshauri ataitwa tena kwa kazi gani? Mhandisi kijana akikutana na wateja, hatawachukua? Hofu hiyo inahusu chakula cha watoto, na si busara kuicheka. Mara nyingine hutokea kweli kwamba mwanafunzi huondoka na mteja. Maandiko hayaahidi kwamba anayefundisha wengine hatapoteza kitu. Wanafunzi wa Yohana Mbatizaji walimwendea wakilalamika kwamba watu wote sasa wanamwendea Yesu. Yohana hakukana. Alijibu kwamba mtu hawezi kupokea kitu asipopewa kutoka mbinguni, na kwamba furaha yake imetimia kwa kupungua kwake (Yn 3:26–30).

Swali la imani liko hapo. Je, riziki ya mtaalamu inatoka katika siri anayoishika, au inatoka kwa Mungu aliyempa akili ya kuijua? Mtu anayeificha kazi ili asiachwe amejifunga mwenyewe. Hawezi kuugua, hawezi kuzeeka, hawezi hata kupumzika siku ya Sabato bila simu kumfuata. Kila juma Sabato humwambia mtaalamu kwamba kazi ya Mungu haisimami yeye anapoketi.

Ni ujuzi gani umekuwa ukiushika kwa hofu? Ungeanza kumfundisha nani, na lini?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Paulo aliandika waraka wake wa pili kwa Timotheo akiwa mfungwa, akijua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika (2 Tim. 4:6). Katika 2:2 anataja vizazi vinne: yeye mwenyewe, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Hakusema Timotheo awatafute watu mashuhuri. Alisema waaminifu, na wenye uwezo wa kufundisha wengine. Kipimo cha mafunzo ya Timotheo kingeonekana katika kizazi ambacho Paulo asingekiona.

Katika waraka huohuo anaomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (4:11). Huyu ndiye Marko aliyewaacha njiani huko Pamfilia (Mdo 13:13), na ambaye Paulo alikataa kumchukua tena, hata yeye na Barnaba wakatengana (Mdo 15:37–39). Barnaba alimpa kijana nafasi ya pili. Miaka ilipita, na mtu aliyekataliwa akahitajiwa na yule aliyemkataa. Paulo alikuwa na unyenyekevu wa kuliandika jambo hilo.

Katika kitabu Wazee na Manabii, Ellen G. White anaeleza juu ya kuja kwa Yethro kambini. Anaonyesha kwamba Musa, ingawa alikuwa amechaguliwa kuwafundisha wengine, hakudhani kwamba yeye mwenyewe hana haja ya kufundishwa. Hapo panaonekana mwanzo wa yote. Aliyekubali kushauriwa ndiye aliyeweza kukabidhi.

Rudi kwa wale wakulima waliosimama nje ya ofisi ya ushirika. Mshauri wao amepona na anarudi kazini. Vitabu viko mezani, na foleni iko mlangoni. Anaweza kukaa kwenye kiti chake na kuanza upya, na watu watamshukuru kwa machozi. Au anaweza kuvuta kiti cha pili, amwite karani, na kuanza pole kuliko kawaida, ingawa siku hiyo foleni itachelewa kwisha.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, jadilini siku ile ya kurudi kwa mshauri wa ushirika. Wakulima wamengoja majuma, na kumfundisha karani kutachelewesha malipo yao zaidi. Afanye nini siku hiyo, na afanye nini juma linalofuata? Mk 9:14–29 inasaidiaje kujibu?

2. Yethro hakuwa Mwisraeli, lakini Musa alisikiliza shauri lake katika mambo ya utaratibu. Kanisa linaweza kupokea nini kutoka kwa wataalamu walio nje yake, na ushauri huo upimwe kwa nini? Zingatieni Kut. 18:23.

3. Ni huduma zipi kanisani mwenu zinazojulikana na mtu mmoja tu? Akihama au akiugua, nini kitatokea? Chagueni moja, na mkubaliane ni nani ataanza kujifunza kabla ya robo hii kwisha.

4. Je, kuna wakati ambapo ni haki mtaalamu kutokukabidhi kazi? Jadilini kwa kutumia sifa nne za Kut. 18:21 na habari za Gehazi.

5. Mtaalamu Mkristo amemfundisha kijana kwa uaminifu, na kijana ameondoka na wateja wake. Mtamwambia nini ili msiipuuze hasara yake wala msimwache aape kutofundisha mtu tena?